Tuyalinde Maji Yaliyo Chini ya Miguu Yetu

Kila unapowadia mwezi wa Januari, wakati jua la kaskazi limekwisha kuyakausha majani ya mashamba na vumbi limeanza kutimka njiani, huonekana katika mitaa yetu jambo ambalo limekuwa la kawaida mno hata hatulioni tena. Nalo ni foleni ya ndoo na madumu. Hupangwa mferejini kabla ya alfajiri, kila moja na alama yake, na wenyewe huwa wamekaa kando wakisubiri maji yatoke. Wengi wa wanaosubiri ni akina mama na watoto wa skuli. Maji yakitoka hushukuriwa Mwenyezi Mungu. Yasipotoka hulaumiwa bomba, umeme na wahusika. Ni mara chache sana kumsikia mtu akiuliza swali ambalo ndilo la msingi: maji haya yanatoka wapi, na huko yanakotoka yamebaki kiasi gani?

Tunaliuliza swali hilo leo kwa sababu tunaamini kwamba jawabu lake linamhusu kila aliyezaliwa katika visiwa hivi, na kila aliyekabidhiwa dhamana ya kuviongoza.

Wenzetu wa Tanzania Bara wana mito mikubwa. Sheria yao ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasimamia nchi iliyogawanywa katika mabonde tisa, likiwamo la Pangani, la Wami na Ruvu, la Rufiji, na yale ya maziwa makuu; na kila bonde lina bodi yake ya kulisimamia. Mtu wa huko akitaka kujua hali ya maji yake, aghalabu husimama ukingoni mwa mto akautazama. Akiona mchanga umetokeza, hujua kwamba mambo si mazuri. Sisi wa Unguja na Pemba mambo ya maji si ya Muungano, na wala hatuna Pangani wala Rufiji. Tuna vijito vya upande wa magharibi na kaskazini, na baadhi yake, kama Mto Mwera wa Unguja, vikifika penye mawe ya matumbawe humezwa na ardhi, visionekane tena.

Lakini isidhaniwe kwamba hatuna bonde. Bonde letu liko chini. Karibu maji yote tunayokunywa, tunayopikia na kutawadhia hutoka ardhini, ama kwa chemchem, ama kwa mapango, ama kwa visima vya mkono na vile virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Mto wetu ni huo usioonekana, na kwa kuwa hauonekani, ukipungua hakuna anayeuona mchanga wake. Hapo ndipo penye hatari.

Maji matamu yaeleayo juu ya chumvi

Yafaa kwanza tueleze namna hazina hii ilivyo, kwani mtu hawezi kukilinda asichokifahamu.

Mvua ya masika, ianzayo mwezi wa Machi hadi Mei, na ile ya vuli, ya Oktoba hadi Disemba, hutupatia Unguja kiasi cha milimita 1,600 kwa mwaka, na Pemba hupata zaidi kidogo. Sehemu ya mvua hiyo hurudi angani kwa jua na kwa majani ya miti. Sehemu nyengine hutiririka baharini. Inayosalia huzama taratibu katika udongo na mchanga, ikapita katika nyufa za mawe ya chokaa, ikatuama. Hayo ndiyo maji ya visima vyetu. Hatuletewi kutoka milima ya mbali, wala hakuna mto upitao chini ya bahari kutoka Bara ukatufikia. Ni mvua yetu wenyewe, iliyoangukia juu ya mapaa na mashamba yetu wenyewe.

Sasa, kisiwa kimezungukwa na bahari, na bahari hupenya chini ya kisiwa. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo moja. Lita ya maji ya bahari huzidi hapo kwa kiasi cha gramu 25. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini inatosha kuyafanya maji matamu yaelee juu ya yale ya chumvi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wataalamu wawili, Badon Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walipiga hesabu wakaona jambo la ajabu: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, huwapo kiasi cha mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo.

Mvuvi hatapata taabu kulielewa jambo hili. Jahazi lililopakia shehena huonekana sehemu yake ndogo tu juu ya maji, na kubwa imezama. Ukipunguza shehena, jahazi huinuka. Ndivyo ilivyo kwa maji yetu. Tukivuta kwa pampu hata usawa wa maji kisimani ukashuka kwa mita moja, hatujapoteza mita moja tu. Hesabu hiyo inatuambia kwamba kule chini chumvi hupata nafasi ya kupanda kwa mita 40. Haipandi siku hiyo hiyo. Huchukua miezi, pengine miaka. Kwa hiyo anayevuta leo haoni kosa lake leo. Na vivyo hivyo, chumvi ikishaingia, haitoki kwa masika moja. Huhitaji miaka mingi ya mvua na ya kukipumzisha kisima ili isukumwe irudi ilikotoka.

Wakaazi wa vijiji vya pwani wanaijua hali hii hata kabla ya kuambiwa na wataalamu. Wanajua visima ambavyo maji yake hupanda na kushuka pamoja na bahari kujaa na kupwa. Wanajua pia kwamba kisima kikivutwa kupita kiasi, maji yake huanza kuwa na munyu, na chai yake haiwi chai. Na haihitajiwi chumvi nyingi. Chukua ndoo ya lita 20 ya maji safi, utie humo vikombe viwili vya maji ya bahari. Maji hayo yatakwisha kuvuka kiwango ambacho ulimi wa binadamu huanza kuikataa ladha yake. Vikombe viwili katika ndoo nzima! Huo ndio mpaka mwembamba uliopo baina ya kisima cha kunywa na kisima cha kuoshea vyombo.

Tulikotoka

Historia ya mji wetu inatufundisha kwamba maji si jambo jipya la kuumiza vichwa. Mwishoni mwa mwaka 1869 maradhi ya kipindupindu yaliingia Unguja na kuendelea hadi mwaka uliofuata, yakaua watu kwa maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi hapa wakati huo, aliyaandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1876. Ndani ya mji ule wa nyumba zilizobanana, visima na vyoo vilikuwa majirani. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini maji ya Chemchem kwa mfereji, na watu wakayapata bila ya kuyalipia. Hata leo neno "mferejini" lingali ndimi mwetu, ingawa wengi wanaolitamka hawakupata kuuona mfereji wenyewe.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali iliyahesabu maji kuwa haki ya wananchi, na kwa miaka mingi yalitolewa bure. Tunaliheshimu lengo hilo. Mnyonge aliyenyimwa kila kitu alistahili asinyimwe maji. Lakini hatuna budi kukiri kwamba kitu cha bure kina desturi ya kusahauliwa. Bomba likipasuka, huachwa likavuja wiki nzima. Mfereji hauna koki, na hakuna anayejali. Ilipotungwa Sheria ya Maji namba 4 ya mwaka 2006, ikaundwa Mamlaka ya Maji Zanzibar na njia ikafunguliwa ya kutoza ada. Wako walionung'unika, na baadhi ya manung'uniko yao yalikuwa ya haki, kwani si sawa mtu kulipishwa maji ambayo hayamfikii. Hata hivyo sheria ile ilibeba jambo jengine kubwa kuliko ada: kwamba maji yaliyo ardhini si mali ya mwenye kiwanja. Ni mali ya umma, na ni lazima yasimamiwe.

Je, yanasimamiwa kama inavyostahiki? Hili ndilo tunalotaka kulitazama kwa uwazi.

Watu wameongezeka, kisima ni kile kile

Katika hesabu ya watu ya mwaka 1978, Zanzibar ilikuwa na watu 476,111. Mwaka 2012 walifika 1,303,569. Hesabu ya mwaka 2022 ilitukuta tumefika 1,889,773. Katika Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake mwaka huo walihesabiwa watu 893,169, ilhali miaka kumi kabla yake walikuwa 593,678. Maana yake, katika mkoa mmoja, kwa muda wa miaka kumi, wamezidi watu wapatao laki tatu. Mvua haikuzidi kwa kiasi hicho. Kisiwa hakikutanuka hata shubiri moja.

Watu hao wanahitaji pa kukaa, nao wamejenga. Mashamba ya minazi na mikarafuu yaliyoyazunguka maeneo ya mji yamegeuka kuwa mitaa. Sisi hatumlaumu mwananchi aliyejinyima miaka kumi ili ajenge vyumba vitatu. Lakini yafaa tuelezane ukweli. Paa, saruji na lami havinywi mvua. Pale ambapo maji yalikuwa yakizama taratibu chini ya minazi, sasa huteremka kwa kasi barabarani, yakaingia majumbani mwa watu. Ndiyo maana katika mji mmoja na mwaka mmoja tunalia kwa ukame mwezi wa Februari na kwa mafuriko mwezi wa Aprili. Mwanakwerekwe wanalijua hilo kuliko sisi. Maji yanayotugharikisha ni yale yale ambayo yangekuwa ndani ya visima vyetu.

La pili ni uchafu. Mabomba ya maji machafu yapo Mji Mkongwe na sehemu chache za mji. Kwengineko kote kila nyumba ina shimo lake, na mashimo mengi ni makaro yasiyosakafiwa chini. Yanayoingia humo hayapotei. Huteremka kwenye mawe yenye nyufa, yakaelekea kule kule kunakovutwa maji ya kunywa. Mchanga na udongo mzito huyachuja maji yanapopita, lakini mawe ya matumbawe hayachuji kitu. Ufa mmoja unaweza kuyafikisha maji machafu kisimani katika muda mfupi sana. Na pale tunapouchimba mchanga na kuupeleka kwenye ujenzi, tunauondoa ule mchujo wenyewe uliokuwa ukitulinda, tukaacha mashimo ambayo baadaye hujazwa taka.

Matokeo yake tumekwisha kuyaona. Kipindupindu kilitupiga mwaka 1978, na kikarudi mara kadhaa baadaye, ikiwa ni pamoja na mripuko wa mwaka 2015 na 2016. Serikali iliandaa mpango wa kukitokomeza, unaoanzia 2018 hadi 2027. Sisi tunaona kwamba mpango wowote wa afya ambao hautatazama umbali uliopo baina ya karo na kisima utakuwa ni mpango wa kufuta sakafu huku mfereji umeachwa wazi.

Wageni na wenyeji

La tatu linahitaji kusemwa kwa uangalifu, kwani linagusa riziki za watu wengi. Mwaka 1985 Zanzibar ilipokea wageni wapatao 19,000. Mwaka 2024 walifika zaidi ya 736,000. Wageni hawa wameleta ajira na fedha za kigeni, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetaka wafukuzwe. Lakini tazameni wanakofikia. Hoteli nyingi zimejengwa pwani ya mashariki na kaskazini, katika nchi ya uwanda na maweni, ambako udongo ni haba na tabaka la maji matamu ni jembamba kuliko sehemu nyengine za kisiwa.

Mtaalamu Stefan Gössling, katika utafiti alioutoa mwaka 2001 kuhusu pwani ile ya mashariki, alikadiria kwamba mgeni mmoja alitumia kwa wastani lita 685 za maji kwa siku, na sehemu kubwa ya maji hayo ilikwenda kwenye bustani na mabwawa ya kuogelea. Utafiti mwengine, uliochapishwa mwaka 2012 na jumuiya ya Tourism Concern ya Uingereza, ulivitazama vijiji vya Kiwengwa, Nungwi na Jambiani. Ulionesha kwamba nyumba moja ya mwanakijiji ilitumia wastani wa lita 93.2 kwa siku, watu wote wa nyumba kwa pamoja, wakati chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia lita 3,195. Yaani chumba kimoja kilikunywa maji ya nyumba thelathini na nne.

Kuna msemo wetu wa kale kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Yale yanayomwagiliwa majani yasiyoliwa na mnyama yeyote, kwa mama wa Jambiani ni maji ya siku nyingi. Hatusemi hivi kwa kijicho. Tunasema kwa sababu pampu ya hoteli na ndoo ya kijiji huteka katika kisima kimoja, hata kama baina yao umejengwa ukuta. Chumvi ikipanda, haitauliza nani ana nyota ngapi. Mwenye hoteli atanunua mtambo wa kuyasafisha maji ya bahari, au ataletewa maji kwa magari. Mwanakijiji atahama, au atakunywa munyu.

Wenzetu wa visiwa vyengine

Kwa kuwa mwenye macho haambiwi tazama, tutazame visiwa vyengine vilivyopita njia hii.

Mji wa Malé, makao makuu ya Maldivi, ulikuwa ukinywa maji ya visima vyake. Watu walipozidi, visima vilivutwa hadi tabaka la maji matamu likaharibika, na uchafu wa vyoo ukaingia humo. Mwaka 1978 nchi ile ilipatwa na kipindupindu. Baadaye mji ukalazimika kutegemea mtambo wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Ikadhaniwa kuwa taabu imekwisha. Mwezi wa Disemba 2014 moto ulizuka kwenye mtambo huo, na mji wenye watu zaidi ya laki moja ukawa hauna maji. India ilibidi ipeleke maji kwa ndege na kwa meli.

Wako miongoni mwetu wanaosema kwamba tusihangaike na visima, kwa kuwa bahari tunayo na mitambo inanunulika. Tunawaomba wakumbuke kwamba mitambo hula umeme mwingi, na umeme wetu hutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Mwezi wa Mei 2008 umeme ulikatika Unguja kwa muda wa karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ukakatika tena, na haukurudi hadi Machi 2010. Waya mpya uliwekwa mwaka 2013, na tunashukuru. Lakini somo lake lisisahauliwe. Pampu zilinyamaza, mifereji ikakauka, na watu wakarudi kwenye visima vya zamani, kamba na ndoo mkononi. Laiti visima vile vingekuwa vimekwisha kuingia chumvi au uchafu, tungekwenda wapi?

Kwa upande wa mfano mwema, iko Bermuda, kisiwa kidogo cha mawe ya chokaa kisicho na mto hata mmoja. Huko sheria inamlazimisha mwenye kujenga nyumba akinge mvua kwa paa lake na kuihifadhi katika birika lililojengwa chini ya nyumba. Mji wa Lamu nao, ulio wa damu moja na sisi, unategemea maji yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na wenyeji wanaelewa kwamba atakayeviharibu vilima vile ameuharibu mji.

Yanayopasa kutendwa

Tungekuwa hatukufanya kazi yetu kama tungeishia kwenye malalamiko. Tunapendekeza mambo haya, na tunajua kwamba baadhi yake ni mazito.

Kwanza, maeneo ya vyanzo vya maji yapimwe, yawekewe mipaka ya mawe inayoonekana, na mipaka hiyo iheshimiwe. Msitu wa Masingini, unaohifadhi maji ya mji, na msitu wa Jozani, ambao mizizi yake inasimama karibu kabisa na maji ya ardhini, ni mali ambayo thamani yake haipimwi kwa magogo. Penye nyumba zilizokwisha kujengwa juu ya chanzo, isitumike nguvu kabla ya haki. Mtu aliyepewa kiwanja kwa karatasi yenye mhuri si mhalifu. Mwenye kosa ni aliyeupiga mhuri huo huku akijua. Alipwe fidia mwenye nyumba, na aulizwe mwenye mhuri.

Pili, kila kisima kirefu, kiwe cha Serikali, cha hoteli, cha kiwanda au cha mtu binafsi, kiandikishwe na kifungwe mita. Haiwezekani kuisimamia akiba ambayo hatujui nani anaitoa na kwa kiasi gani. Mamlaka ya Maji na ile ya Usimamizi wa Mazingira zina sheria mkononi. Kilichobaki ni kuzitekeleza bila ya kutazama uso wa mtu.

Tatu, viwepo visima vya uchunguzi visivyovutwa maji, ambavyo kazi yake ni kupima usawa na chumvi kila mwezi. Na vipimo hivyo visifungiwe makabatini. Vipelekwe kwa masheha, vibandikwe ubaoni, ili mkaazi wa Bububu au wa Makunduchi ajue kisima chake kimeamkaje. Mtu anayejua kwamba maji yake yanashuka hahitaji kuhubiriwa sana.

Nne, katika uchimbaji tuache tamaa ya pampu moja kubwa. Visima vingi vinavyovutwa kidogo kidogo, vilivyo mbali na pwani, havivuti chumvi kama kisima kimoja kinachonyonywa usiku na mchana. Kadhalika, kabla ya kuchimba kisima kipya, yazibwe mabomba yanayovuja. Maji yaliyokwisha kupandishwa kwa umeme na kumwagika njiani ni hasara mara mbili.

Tano, tukinge mvua. Hesabu yake ni nyepesi. Paa la bati la mita 50 za mraba, likipata milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, huangukiwa na lita 80,000. Tuseme moja katika tano inapotea, zitabaki 64,000. Hiyo ni sawa na lita 175 kwa siku kwa mwaka mzima, karibu mara mbili ya zile zilizopimwa katika nyumba za vijijini mwaka 2012. Ni kweli kwamba si kila mtu ana uwezo wa birika kubwa la kuzihifadhi zote. Lakini hata tangi dogo hukipumzisha kisima wakati wa masika, na huo ndio wakati kisima kinapojazwa. Na tuanze na waliokuwa na mapaa makubwa: maskuli, misikiti, maofisi ya Serikali na mahoteli. Si haki kumtaka mnyonge akinge mvua wakati paa la wizara linaimwaga barabarani.

Sita, makaro. Hatuwezi kujenga mabomba ya maji machafu kila mtaa kwa mwaka mmoja. Tunaweza, hata hivyo, kukataa kibali cha nyumba ambayo karo lake halikujengwa sawasawa, na kuwasaidia wenye kipato kidogo kuyarekebisha yale ya zamani. Mafundi wetu wapo. Wanachohitaji ni kuelekezwa na kukaguliwa.

Neno la mwisho

Tunajua kwamba haya hayana shangwe. Kufungua mferejini kuna wimbo na makofi. Kukihifadhi kichaka kilicho juu ya chanzo hakuna anayekipigia ngoma. Kiongozi atakayefunga kisima kinachovutwa kupita kiasi atalaumiwa leo, na atakayeshukuru ni mtoto ambaye bado hajazaliwa. Lakini huo ndio uongozi wenyewe. Na mwananchi naye asijitoe. Anayetupa mafuta machafu ya gari shimoni, anayechimba karo hatua chache kutoka kisima cha jirani, anayeliacha bomba livuje kwa kuwa si lake, wote hao wana mkono wao humo.

Wazee wetu walituachia visima na mapango ambayo maji yake yalinyweka. Pango la Mangapwani lina maji matamu hadi leo, na hakuna fundi aliyeyatia humo. Yametiwa na mvua iliyoachiwa nafasi ya kuzama. Waliotutangulia waliteka kwa kata na ndoo, na mvua ikarudisha walichokiteka. Sisi tunateka kwa mashine ambazo hazichoki, tukidhani kwamba kwa kuwa pampu haijakohoa, kisima hakijaumwa. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Kabla ya masika yajayo kuanza, basi, kila shehia na iulizwe swali lile tulilolianza nalo, na kila ofisi inayohusika iwe tayari kulijibu kwa vipimo: maji haya yanatoka wapi, na yamebaki kiasi gani?